Ndoo ya Tatu na Shanga za Mzee Mahona

Mwaka wa kumi wa Uhuru, katika boma la Mzee Sylvester Mahona hapa Kitete, Tabora, palikuwa na chumba kimoja tu kilichoezekwa bati, na humo hakulala mtu. Zililala shanga. Mzee mwenyewe na mkewe Tekla walilala nyumba ya nyasi, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe, kama kete inayotafuta shimo la kuponea.

Mahona alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini. Kazi ya gadi ni kupuliza filimbi, kupunga bendera ya kijani, na kusubiri. Wenzake walisubiri wakinywa pombe. Yeye alisubiri akiwa ameinama. Treni ikisimama Bukene kuipisha nyingine, Mahona hushuka akatembea macho chini, abiria wakadhani gadi amedondosha senti. Usoke, ambako jembe la mkulima wa tumbaku hufukua kila kitu isipokuwa utajiri, alikuwa na wateja wake. Mletee ushanga, akupe kiberiti. Mletee kiganja kizima, akupe mche wa sabuni.

Zilikuwa shanga za misafara, ile ya zamani iliyokuja kwa miguu kutoka pwani kufuata pembe za ndovu, wakati ushanga ndio uliokuwa fedha. Mahona alizijua kwa majina kama mtu anavyowajua wajukuu. Nyekundu yenye moyo mweupe ni samesame. Ndogo yake, ambayo wanawake wa zamani waliipenda kupita kiasi, iliitwa kivunjamji, maana ikiingia mjini ndoa zilitoka. Alizitunga kwenye nyuzi, na kila uzi akauandikia katika daftari: umetoka wapi, mwezi gani, baada ya mvua au kabla. Uzi wa kwanza kabisa haukuokotwa. Baba yake alibeba pembe mpaka pwani akarudi na vitu viwili, kikohozi na uzi wa samesame. Kikohozi aliondoka nacho. Uzi ukabaki.

Nyuzi zilifika mia moja sitini na tatu, na ulinzi wake ulikuwa wa kijeshi. Tabora adui wa kwanza wa mali ni mchwa, mwizi anafuata kwa mbali. Kwa hiyo kila mguu wa rafu ulisimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya karakana ya reli. Dirisha lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa na kufuli, na nje ukuta ulizungukwa na minyaa, ambayo utomvu wake ukikuingia jichoni hutaiba tena, maana hutaona cha kuiba. Zile shanga zisizopata uzi zilikaa kwenye chupa kubwa za peremende alizopewa na Bwana Rasiklal, mwenye duka la sokoni.

Basi, Septemba ya mwaka huo jirani yao Wenceslaus, mtu wa maneno mengi na kuni nyingi, alikuwa akichoma mahindi mchana. Jiko lake la nyasi likashika moto, na upepo ukaleta cheche kwa Mahona. Wakati huo Tekla alikuwa amejilaza ndani ya nyumba ya nyasi. Aliamshwa na kelele, akatoka akikohoa, na alichokiona hakukisahau: mumewe alimpita mlangoni mbio na ndoo mbili za maji, akazimwaga kwenye chumba cha bati. Kisha akarudi na ndoo ya tatu. Hiyo ndiyo aliyomwaga kwenye nyumba ya nyasi.

Moto ulizimwa, hakuna aliyeungua. Lakini jioni ile Tekla alikaa mbele ya mumewe, akafunga kanga vizuri.

"Baba Imakulata," alisema, "tumekaa miaka thelathini na miwili. Leo nimejua namba yangu. Mimi ni wa ndoo ya tatu."

"Mke wangu, bati likishika joto, uzi unakatika..."

"Mimi je, nikishika joto?"

Mzee akatazama miguu yake. Tekla akatoa hukumu. "Redioni wanasema mali inakatiwa bima. Haya, kama kweli ni mali, nenda ukazikatie. Serikali ikiandika kwenye karatasi kwamba hivi ni vitu vya thamani, sitasema neno tena mpaka nizikwe. Ikikataa, kitanda changu kinaingia kwenye bati siku hiyohiyo, na shanga nazigawa kwa wasichana wa kwaya, kila mmoja fungu lake."

Mahona alimjua mkewe. Kesho yake alivaa koti la ugadi, akaenda kwenye ofisi ya bima mjini akajaza fomu. Kabla hajafika nyumbani habari zilikuwa zimeshamtangulia.

"Jamani!" Wenceslaus alipaza sauti kisimani. "Mzee Mahona anakatia bima shanga za kiunoni! Sasa zikiibwa, polisi wataanzia kupekua wapi?"

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Kwa wiki tatu Mahona hakuweza kununua chumvi bila mtu kumuuliza afya ya kiuno.

Kisha, Jumamosi moja asubuhi, akaja mkaguzi. Aliitwa Mabruki, ametumwa kutoka Dar es Salaam kukagua maghala ya tumbaku, na alikuwa akirudi kwa treni ya mchana huohuo. Suti ya kaunda, viatu vya kung'aa, mkoba wa ngozi. Fomu ilidai shahidi mmoja ambaye ni mfanyabiashara anayejulikana, kwa hiyo Bwana Rasiklal alifunga duka akaja. Wenceslaus hakudaiwa na fomu yoyote, lakini alikuja vilevile akasimama dirishani, mkono kwenye nondo.

Mabruki alikagua kufuli, akakagua nondo, akachungulia makopo ya oili. Alionekana kuridhika. Halafu akakaa, akafungua kalamu.

"Ndugu Mahona, risiti za ununuzi ziko wapi?"

"Risiti ya nini, ndugu? Walioziangusha walikufa kabla ya Mjerumani."

"Basi bei ya soko. Zinauzwa kiasi gani?"

"Soko lake lilifungwa siku reli ilipofika."

"Kuna mtu amewahi kutaka kuzinunua?"

Mahona akapangusa vumbi kwenye uzi mmoja. Wenceslaus akasaidia kutoka dirishani: "Mwandikie za kiunoni, ndugu mkaguzi! Zile huwa haziuzwi, zinatunzwa!"

Mabruki hakucheka. Alifunga kalamu. "Mzee wangu, nakuheshimu. Ulinzi wako unashinda wa maghala niliyoyaona wiki hii. Lakini bima inalipa thamani, na thamani ni kile ambacho mtu mwenye akili timamu yuko tayari kutoa ili akipate kitu. Huna risiti, huna soko, huna mnunuzi. Siwezi kuandika upendo kwenye fomu."

Bwana Rasiklal alishusha pumzi. "Pole sana, Mahona bhai, ndugu yangu."

Nje ilisikika mbao ikiburuzwa. Tekla alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa ameshafungua tendegu la kwanza la kitanda. Mahona hakugeuka kutazama. Alisimama katikati ya nyuzi zake mia moja sitini na tatu kama gadi ambaye treni imeondoka na kumwacha.

Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Huwezi kumfukuza na njaa eti kwa sababu amekuvunja moyo. Tekla aliacha tendegu, akaleta ugali wa mtama na mlenda. Mabruki alinawa, akachovya, akainua tonge. Mlenda ukamfuata toka bakulini mpaka kidevuni, hautaki kukatika.

"Mama," alisema, "hii ni mboga au gundi ya posta?"

Tekla alimtazama. "Wewe mtoto ni wa wapi kwani?"

"Kisarawe."

"Kisarawe!" Tekla aliachia mwiko. "Mzaramo! Mzaramo yuko nyumbani kwangu, amevaa viatu, na mimi nampa heshima tangu asubuhi!"

Mabruki akaacha tonge. Uso wa ofisi ulimtoka ghafla, akatokea mtu mwingine kabisa, meno yote nje. "Wanyamwezi! Nilisahau nimekuja kwa watani wangu! Wabeba mizigo wa babu yangu!"

"Babu yako yupi? Yule aliyelala chini ya mnazi akisubiri dafu limdondokee mdomoni?"

"Ndiyo huyohuyo, na babu zenu wakapita na mizigo kichwani wakimpa shikamoo!"

Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo ulizaliwa kwenye njia ileile iliyozaa shanga. Wabebaji walipofika pwani wamechoka, waliokutana nao ni Wazaramo, na kati ya kuuana na kutaniana wakachagua kutaniana. Na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana, usikasirike. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu chako chochote, na wewe huna haki ya kumnyang'anya. Unakigomboa. Yeye anataja anachotaka, unampa, anakurudishia. Usipogomboa, ni chake, na aibu ni yako mpaka kizazi cha tatu.

Mabruki aliinuka, akapita kwenye rafu, mkono ukaenda juu ukatua kwenye uzi mwekundu uliokuwa peke yake. Akautia mfukoni.

Hakujua ni upi. Mahona alijua. Ulikuwa uzi wa baba yake.

"Nimeteka," Mabruki alisema. "Treni yangu ni saa nane. Mnagomboa, au namvalisha mke wangu?"

"Kiunoni!" akadakia Wenceslaus, kwa furaha.

"Unataka nini?" Mahona aliuliza.

"Mbuzi. Jike. Mwenye mimba."

Wote walijua maana yake. Boma lile lilikuwa na mbuzi mmoja tu mwenye mimba, na hakuwa wa Mahona. Alikuwa wa Tekla, amemnunua kwa karanga zake mwenyewe. Mahona aligeuka kumtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na miwili akakunja mikono kama mwombaji. Mwanamke wa ndoo ya tatu ndiye aliyeshika kamba.

Tekla alitazama kitanda chake kilichofunguliwa nusu. Alitazama rafu. Kisha akamtazama Mzaramo aliyesimama anatabasamu, mkono mfukoni, juu ya jasho la mkwewe.

"Mzaramo aondoke na uzi wa baba mkwe?" alisema. "Nife kwanza!"

Akatoka. Akarudi anamvuta mbuzi mpaka ndani, mbuzi akakanyaga mkoba wa ngozi, na Tekla akamkabidhi mkaguzi kamba mkononi mbele ya watu wote. "Chukua. Na umnyonye upesi, uwahi treni. Lete uzi."

Mabruki akautoa uzi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Shangwe ikapigwa, hata Wenceslaus akapiga kigelegele cha kiume, kibaya sana.

Ndipo Bwana Rasiklal, ambaye hakuwa amecheka, akakohoa.

"Ndugu mkaguzi," alisema taratibu, "ulisema thamani ni nini vile? Nataka kukumbuka."

"Ni kile ambacho mtu mwenye akili timamu yuko tayari kutoa..."

Akatazama kamba mkononi mwake. Mbuzi akamtazama.

"Mimi nanunua ngozi, na mbuzi nazijua bei," Rasiklal aliendelea. "Huyu, na mimba hiyo, ni bei nzuri. Ametolewa kwa uzi mmoja. Mama huyu ana akili timamu, mimi shahidi. Na hakuupenda uzi huo, sote mashahidi."

"Andika!" Mahona alinguruma, na ile ilikuwa sauti ya gadi, ile iliyokuwa ikisimamisha treni. "Uzi wa samesame, mbuzi mmoja. Ukiona kidogo, chukua mwingine, Mzaramo! Teka! Tutagomboa!"

"Sigusi tena," Mabruki alisema akiinua mikono, na kamba ikaenda juu nayo. "Mtanimaliza nyie."

Alikaa, akafungua kalamu, akacheka mpaka akalazimika kufuta miwani. Walibishana saa nzima. Uzi wa baba ukawa mbuzi mzima. Kivunjamji, baada ya Tekla kueleza ndoa ngapi ziliharibika, ukapata mbuzi na robo. Nyingine zikapangwa madaraja, na Rasiklal akageuza mbuzi kuwa shilingi. Lile kundi lililopatikana kwenye fomu lingejaza mabehewa mawili. Wenceslaus alianza kuhesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaondoa mkono kwenye nondo polepole kama mtu aliyegundua ameegemea benki.

Mbuzi hakupanda treni. Mabruki alimwacha kwa Tekla amtunzie, atakayezaliwa awe wa mtunzaji, na utani ukabaki na sababu ya kumrudisha Kitete.

Karatasi ilifika Novemba, na muhuri. Ilisema shanga za Sylvester Mahona ni mali, imelindwa dhidi ya moto na wizi. Mahona aliisoma kisimani kwa sauti, polepole, mara mbili. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kiuno.

Tekla alitimiza ahadi, hakusema neno. Aliomba tu asomewe masharti. Sharti la nne lilisema chumba chenye mali kisiachwe wakati wowote bila mtu mzima anayelala humo.

"Mtu mzima ni nani hapa?" aliuliza.

Mahona, ambaye mikono yake ilikuwa imeshazoea ndoo, alikibeba kitanda mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilishuka mchana wa Jumapili. Mzee alikuwa ameshatoka na kopo lake, kwenye njia ya zamani, maana maji ya kwanza ndiyo huamsha shanga. Alirudi amelowa chapachapa, akakuta nyumba ya nyasi inavuja pembe zote nne. Akaenda kugonga kwenye bati.

"Nani?" Tekla aliuliza kutoka kitandani, pakavu.

"Ni mimi, mumeo. Fungua."

"Una risiti?"

Mzee akazunguka dirishani. Alipitisha mkono katikati ya nondo za dirisha, akafungua kiganja. Zilikuwemo kivunjamji tatu, nyekundu, zinang'aa kwa maji ya mvua.

Ndani kitanda kikalia. Kisha ufunguo ukasikika ukizunguka kwenye kufuli.