Mistari Mitatu, Shule Moja

Enzi zetu kule kijijini Mwazye, mtoto hakuulizwa anataka kusoma wapi. Aliulizwa kama amefagia uwanja, kama amechota maji, na kama mbuzi wa jirani hawajaingia kwenye ulezi. Tulikimbilia shule miguu peku katika baridi ile ya Juni, mfagio kwapani, vidole vimekufa ganzi. Mchana tulicheza rede, kukwepa mpira, mpaka gauni linachanika. Jioni mama alitungoja na ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, na samaki mkavu, mgebuka, aliyeungwa karanga. Nikiwasimulia wanangu hayo, wanaangaliana, kisha wanaomba chipsi.

Tulipofika darasa la saba tukagawiwa fomu za kuchagua shule za bweni. Mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Nikampelekea baba, mkulima aliyeandika polepole kwa herufi kubwa, ulimi umechungulia nje. Aliisoma mara mbili. Kisha akaandika jina la shule moja tu, ya wasichana, kwenye mistari yote mitatu.

Nilipoirudisha shuleni, mwalimu alikuja nyumbani jioni ile ile.

"Shikamoo, mzee. Hapa zinatakiwa shule tatu tofauti."

"Marahaba, mwalimu. Mimi nilipomposa mama yake nilipeleka jembe la posa nyumba moja. Ningepeleka nyumba tatu, nani angenipa mke?"

Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kigoda, lakini baba hakubadilisha hata herufi.

Shule ile haikunichukua. Rafiki zangu wawili waliojaza tatu walichaguliwa, wakaondoka na masanduku yao ya bati. Mimi nikapangiwa sekondari ya kutwa, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Nililia wiki nzima, na baba nikamnunia. Yeye hakuomba radhi. Alianza tu kunisindikiza kila alfajiri hadi mtoni, akitangulia mbele na fimbo yake, akipangusa umande kwenye majani ili sketi yangu isilowe. Alifanya hivyo miaka minne, na leo hayupo, na hakuna kitu ninachokitamani kama kuuona tena mgongo ule.

Sasa tunaishi mjini Sumbawanga. Binti yangu Neema yuko darasa la saba, na mezani ana fomu sita za shule za bweni, kuanzia Mbeya hadi Moshi. Baba yake juzi kaleta ya saba, eti ya akiba. Watoto wa siku hizi wanaposa nchi nzima!

Nilipomsimulia Neema habari ya mistari mitatu, alishika kichwa.

"Mama, babu alikuonea!"

Nikachukua kalamu nikamsaidia kujaza ile ya saba, maana mzazi gani leo atamfungia mwanawe milango? Zote saba tulizijaza vizuri, na kila moja nilikuwa naiombea ikataliwe.

Asubuhi yake nilivaa kandambili, nikamwambia namsindikiza shuleni kwa miguu.

"Jamani mama, si tupande bajaji? Zimejaa hapo nje."

"Bajaji hata mwakani zitakuwepo, mwanangu. Wewe hutakuwepo."

Nikatangulia mbele. Barabara ni ya lami siku hizi, haina umande wa kupangusa.