Vumbi la Nyota na Kilemba cha Mzee Komora

Mpaka leo kuna watu Garsen wakiniona hujifanya wanapiga chafya, na mimi siwezi kukasirika, maana yaliyotokea siku ile niliyataka mwenyewe, tena mbele ya wazazi, mkaguzi wa shule na mwenyekiti wa kamati, kwa hiyo acheni niwaambie kwa mdomo wangu kabla hamjasikia kwa wengine wakatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana, mwalimu wa shule ndogo nje kidogo ya Garsen iliyoishia darasa la nne. Mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama tupewe la tano, au watoto waendelee kurudi mashambani na machungani wakimaliza la nne, na mwalimu mkuu akaniambia, "Wewe ndiye msomaji hapa. Waonyeshe kitu, watu waone faida ya elimu."

Sasa mimi nilikuwa na ukurasa wa gazeti la Kiingereza niliofungiwa sukari dukani (nilikuwa nasoma kila karatasi ya sukari, ndiyo maktaba niliyokuwa nayo). Ulisema huko mbali angani kuna makundi makubwa ya nyota yanayoitwa galaksi, mengine yamejizungusha kama maji ya Tana penye kizingia, na ndani yake mna vumbi, na wataalamu wanabishana: je, vumbi hilo linapitisha mwanga, au linaficha nyota zilizo nyuma? Ili kulipima wanalinganisha mng'ao wa galaksi zilizotuelekea uso na zile zilizolala ubavu. Nikasema basi, hilo hilo, nitaliweka mezani.

Karabai ingekuwa nyota. Kipima mwanga niliazima kwa mpiga picha wa Garsen, kidude chenye sindano inayopanda mwanga ukizidi. Kilichobaki ni kitambaa chepesi cha kubebea vumbi, na shuleni tulikuwa na magunia na bendera tu (bendera sikuthubutu). Asubuhi ile ile nikapita nyumbani kwa Mzee Komora, mwenyekiti wa kamati, nikaona kilemba chake cha melimeli kimeanikwa uani.

"Mama, naomba kukiazima, nitakirudisha kabla ya adhuhuri," nikamwambia mkewe.

"Mzee anajua?"

"Anajua," nikasema. Neno moja tu, jamani.

Nikakikaza kwenye duara la fito. Kwa vumbi, majivu yalikuwa meupe mno, nikanunua ugoro mkavu uliosagwa laini, mweusi unavyotakiwa. Ilifaa niupake kwa wanga ushike, lakini nikaona nitachafua kilemba cha watu, nikaunyunyiza hivi hivi.

Darasa lilijaa. Madirisha nimeyaziba kwa mikeka, karabai inavuma, joto limetuama, na mstari wa mbele, ubavuni mwa mkaguzi, amekaa Mzee Komora, kichwani kofia tupu, na uso wa mtu aliyetafuta kitu asubuhi nzima.

Nikampa mkaguzi kipima mwanga, nikaliweka duara mbele ya taa. "Bwana Mkaguzi, sindano inasema ngapi?"

"Tisa."

"Sasa naliinamisha kuelekea taa, kama galaksi iliyolala ubavu, mwanga upite penye vumbi nene."

"Nne!" akasema, na watu wakanong'ona, na mimi nikawageukia kwa maringo, wala sikuona ugoro unateleza, unamwagikia karabai. Moshi ukapanda. Mkaguzi akapiga chafya ya kwanza, ikafuata ya mwalimu mkuu, halafu darasa zima, na mimi katika kuruka nikalibandika duara kwenye kichwa cha taa chenye moto, kitambaa kikaungua tundu la kupitisha kichwa.

Katikati ya chafya nikasikia sauti ya Mzee Komora: "Hicho... hicho si kilemba changu?"

Tulitokea nje tumebanana mlangoni, machozi yanatutoka.

"Nilimdanganya Mama," nikasema mbele ya wote, maana pa kujificha hapakuwapo. "Nilimwambia unajua. Nisamehe, mzee."

"Ungeniomba ningekupa," akasema. "Asubuhi mke wangu kaniambia, 'Mwenyewe unajua kiliko,' nikadhani ananidhihaki, nikamgombeza kwa kosa lako. Ukitoka hapa, unakwenda kwake kwanza." Akataka kuendelea, chafya ikamkata, watu wakaangua kicheko, akacheka naye shingo upande.

Mkaguzi akafuta macho. "Lakini sindano ilishuka kabla ya balaa. Niliiona. Hebu maliza, inahusu nini?"

Nikaeleza nikijikwaa. Hapo akasogea Barisa, mfugaji Muorma aliyekuwa akipita na ng'ombe akasikia makelele.

"Mwalimu, wewe nasumbua kitambaa bure. Kiangazi ng'ombe yangu naenda mtoni, mimi nasimama pembeni, vumbi mingi, naona ile ya karibu tu, ya nyuma hapana. Mtu nasema Barisa iko na ng'ombe kidogo. Napanda juu ya ukingo, naangalia chini, naona yote. Hii watu ya nyota wamesimama wapi?"

Nikaona hata ule mfano wangu wa taa nyuma ya kitambaa ulikuwa na kasoro, maana nyota zimo humo humo ndani ya vumbi, kama ng'ombe zake.

"Ndilo swali lenyewe," nikamjibu. "Hawawezi kupanda ukingo, kwa hiyo wanatafuta makundi yaliyotuelekea, wayalinganishe na yale ya ubavu."

"Huyu amesoma darasa la ngapi?" mkaguzi akauliza.

"Hakuna," Barisa akajibu mwenyewe. "Darasa yenu iko na nafasi ya mtu ya ndevu?"

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka, na mkaguzi akatoa kalamu akaandika kitu.

La tano tulilipata mwaka uliofuata, na Barisa akawa anakuja alasiri akimwachia nduguye ng'ombe, anakaa nyuma kabisa kwa sababu miguu yake haikuingia chini ya dawati. Mama nilikwenda kumwangukia siku ile ile, Mzee nikamwagizia kilemba kipya kutoka Lamu, akakivaa bila neno. Na nimeapa, na kiapo nimekishika mpaka uzee huu: kitu cha mtu namwomba mwenyewe, ana kwa ana, hata kiwe njiti moja ya kiberiti, na jaribio lolote nalifanya kwanza peke yangu, madirisha wazi.