Dihe ya Mwaka wa Mvua Kubwa

Punda watatu walikufa mbele ya macho yangu kabla maji ya chai hayajachemka.

Sisemi waliugua wakafa. Nasema walikunywa maji ya bwawa, wakainua vichwa, midomo imetapakaa kijani, wakaanza kutetemeka. Wa kwanza alipiga magoti. Wa pili akaangukia majini. Wa tatu alikuwa wangu, kamba yake nimeishika mkononi. Alihema kama mtu aliyekabwa koo, kisha akaacha kuhema.

Mwenzenu nikabaki nimeshika kamba.

Naitwa Falmata. Ni Mkanembu, nimezaliwa na kuolewa huku huku upande wa Bol, kando ya Ziwa Chad, kwenye mabwawa ya magadi yaliyo katikati ya vilima vya mchanga. Kazi yetu wanawake ni dihe. Ni ule ute wa kijani unaoelea juu ya maji. Tunaukinga kwa vibuyu, tunauchuja kwa kitambaa, tunaumwaga mchangani ukauke, halafu tunaukata vipande. Ugali wa uwele bila mchuzi wa dihe kwetu si chakula, ni adhabu.

Kila bwawa lina mwanamke mmoja anayelitunza. Yeye ndiye anayesema leo tuingie, leo tusiingie. Dihe ya kwanza anaionja yeye, mbele ya wote, kabla ya mtu mwingine yeyote. La kwetu lilikuwa la Ya Kellu, mama mkwe wangu; "Ya" kwetu ni mama.

Na kuna mwiko. Mwanamume haingii majini. Akiingia, bwawa linaharibika.

Sasa mwaka ule mvua ilipitiliza. Maji yetu, ambayo siku zote ni machungu kwa magadi hata mbwa anayasusa, yakawa matamu. Watu walifurahi, msiniulize. Mifugo ikawa inanywa pale pale, habari za kuteka kisimani zikaisha. Na kijani kikatoka kingi kuliko miaka yote, kizito, kimejaa ukingo mzima. Tukasema mwaka huu tutakula mpaka tukinai.

Ndipo punda wakafa.

Mume wangu, Mbodu, aliposikia yowe langu alikuja mbio, akaingia majini mpaka magotini kumvuta yule punda aliyezama. Wanawake walipofika walimkuta anatoka, nguo zinachuruzika.

Wote wakarudi nyuma.

"Aliingia kabla punda hawajafa au baada?" mmoja akauliza.

"Baada," nikasema. "Mimi nilikuwepo."

Ya Kellu alimtazama mwanawe, akatutazama sisi.

"Kabla," akasema. "Nilimwona alfajiri. Alikuwa ndani ya maji ananawa."

"Mama, alfajiri nilikuwa kwenye mbuzi."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Niangalie usoni useme tena."

Akamwangalia usoni, akasema tena.

Nani ambishie mama anayemshtaki mtoto wake wa kumzaa? Ushahidi gani mwingine watu wangetaka? Kondoo akachinjwa, maziwa yakamwagwa ukingoni kulisafisha bwawa, na Mbodu akaamriwa akae kilimani na mbuzi wake siku arobaini. Mimi kama mke wa mkosaji nikapigwa marufuku kukanyaga maji.

Nilipomfungia chakula aliniuliza, "Na wewe unaamini?"

"Ningeamini ningekutilia na nyama?"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na yule mama mpaka mate yalikuwa machungu mdomoni.

Siku ya nane, Ya Kellu akatangaza bwawa limetakasika, tuvune.

Wanawake walijipanga mstari, wakaingia pamoja kama desturi. Mimi nilikaa mchangani nimeshika kitambaa cha kuchujia, na binti yangu Zara, miaka mitano, anacheza pembeni ya bibi yake. Kibuyu cha kwanza kikamwagwa kwenye kitambaa changu.

Nikasikia harufu.

Dihe nzuri inanukia samaki mbichi. Hii ilinuka udongo, kama chumba kilichofungwa masika nzima. Nikaipikicha vidoleni. Haikuwa laini. Ilikuwa na chembechembe, kama unga uliosagwa vibaya.

Nikajua. Hii siyo dihe. Na hakuna kondoo anayeweza kuigeuza kuwa dihe.

Nitawaambia nilichowaza, sitaficha hata neno. Niliwaza: mwache ale. Atatapika, tumbo litamkata siku mbili, kila mtu ataona kuwa maji ni mabaya yenyewe, na mume wangu atarudi nyumbani. Niliwaza tumbo tu, naapa. Lakini punda watatu si nilikuwa nimewaona? Nilikuwa nimewaona.

Nikapiga kimya. Nikamsogezea kitambaa.

Ya Kellu akachota kwa vidole vitatu, akapaza sauti. "Wapo wanaosema nyumba yangu imelichafua bwawa. Leo nyumba yangu ndiyo inakula."

Akameza. Akachota tena.

"Zara, njoo kwa bibi."

Hiyo haikuwa desturi. Mwonjaji ni mmoja tu, miaka yote. Nikasimama, kitambaa kikamwagika.

"Ya, usimpe."

"Kwa nini?" Aliniuliza taratibu, mkono uko hewani, wanawake wote wananitazama.

Nikasitasita. Nikisema najua, wataniuliza nimejua tangu lini.

"Inanuka," nikasema.

"Inanuka nini?"

Nilipomtazama Zara alikuwa ameshameza, analamba kidole cha bibi yake.

Nilimnyakua, nikamtia vidole kooni, akatapika kidogo sana. Akanitazama kwa mshangao.

"Mama," akasema, "mdomo wangu umelala."

Kisha mikono yake ikalala. Kisha shingo. Nyuma yangu nikasikia kishindo, Ya Kellu amekaa chini kama gunia.

Zahanati iko mbali, kule barabarani, mchanga mtupu njia nzima. Mkokoteni ulikuwepo. Punda wa kuuvuta ndio hao tuliowazika.

Mbodu alituona kutoka kilimani. Alishuka mbio, hakuuliza kitu, akaingia mwenyewe kwenye mikono ya mkokoteni na kuanza kuvuta. Mimi nyuma nasukuma. Ndani mwanawe na mama yake wamelala ubavu kwa ubavu.

Njiani Ya Kellu akaanza kusema, ulimi mzito kama mlevi.

"Sikukuona majini, mwanangu."

Mbodu akaendelea kuvuta.

"Kile kijani nilikiona siku kumi kabla ya punda. Sikukitambua. Miaka arobaini nalitunza bwawa, sikukitambua. Niliogopa watasema nimezeeka, wanipokonye."

"Pumzika, Mama," Mbodu akasema bila kugeuka. "Nimesikia."

Hayo ya Ya Kellu ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Muuguzi Abakari aliwatazama mara moja tu, akauliza wamekula nini, akalivamia kabati. Akatoka na mfuko mmoja wa mpira, ule wa kumpumulia mgonjwa kwa kuuminya.

"Sumu hii inalegeza misuli ya kupumua," akasema huku ameshaanza kumminyia Zara. "Akili ipo, wanasikia, ila pumzi haiji. Tukiwapumulia mpaka iishe nguvu, wanaweza kupona. Mfuko ni huu mmoja. Wewe dada, mpulizie bibi kwa mdomo. Usiache."

Nikambana pua, nikapuliza. Kifua kikapanda, kikashuka. Macho yake yalikuwa wazi, yananiangalia. Alikuwa ananisikia. Nikaendelea kupuliza.

Nilichoka, Mbodu akanipokea, nikampokea. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Midomo ilinichanika. Karibu na alasiri Mbodu akatoka kunitafutia maji ya kunywa, na hapo hapo Zara akakohoa.

Nikageuka.

Alikohoa tena, akavuta pumzi yake mwenyewe, akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Abakari alikuwa anacheka, mimi nalia, nimemshika mguu mwanangu.

Sijui nilimtazama kwa muda gani. Kweli sijui. Nilipomgeukia Ya Kellu macho yalikuwa wazi vile vile, lakini hayakuwa yananiangalia tena. Tulimpulizia mpaka jua likazama. Haikusaidia.

Baadaye walikuja wataalamu wa maji na chupa zao. Wakatueleza kuwa magadi ndiyo yaliyokuwa yanaizuia ile aina ya kijani yenye sumu ya mishipa ya fahamu isiote. Mvua ilipoyapunguza, ikaota yenyewe, na dihe yetu ikapotea. Mguu wa mwanamume haukuwa na lolote. Siku hizi maji yakiwa matamu, hakuna anayevuna.

Mbodu alirudi nyumbani, jina lake limesafishwa. Wanawake wakakaa kikao kuchagua mtunza bwawa mpya. Wakanichagua mimi.

"Tunakupa wewe," wakasema, "kwa sababu ulimpa mama mkwe wako pumzi zako siku nzima. Mkwe gani mwingine angefanya vile?"

Nikakipokea kibuyu cha Ya Kellu. Sikusema kitu. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Zara sasa ana miaka kumi na mbili. Akiniuliza bibi alikufaje, namwambia alikula dihe mbaya. Sijamwambia nani aliisogeza.

Wewe unayesoma hapa, ukijua jambo litakalomdhuru mtu, sema saa ile ile, hata kama huyo mtu amekutenda vibaya. Mimi nilidhani nimechagua atakayeumia. Kumbe nilikuwa nimeacha tu mlango wazi, na mwanangu ndiye aliyekuwa karibu.