Hovabodi ya Sebuleni Guta

Dada yangu alijenga nyumba yake kijijini Guta kwa kuuza dagaa, tofali baada ya tofali, na mwaka wa kisa hiki ndipo alipopiga bati. Kila kitu cha maana kiliingia sebuleni, wageni wakione. Hata jenereta lilikaaga pale, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

Jumapili moja nilitoka Musoma, ninakouza vyombo vya umeme vya mtumba, nikakuta kitambaa kile kimefunika hovabodi, ule ubao wa magurudumu mawili ambao watoto husimama juu yake ukawabeba. Mkwewe alikuwa amewaletea watoto wa pale nyumbani kutoka Mwanza, bila chaja. Ilikuwa kwenye mkeka kando ya kochi, inachajiwa.

"Chaja umetoa wapi, dada?"

"Ya taa za kuvulia dagaa za shemeji yako. Imeingia vizuri tu."

"Hata mguu wako unaingia kwenye gambuti la shemeji. Ndiyo saizi yako?"

"Wewe unatiaga kila kitu kasoro ili bei ishuke. Hapa hatuuzi!"

Hakunisingizia. Lakini nilipofunua kitambaa nikakutana na harufu tamu kama ya rangi ya kucha, na plastiki ya tumboni ilikuwa imetuna. Mzigo wa hivyo hata wa bure siuchukui. Nikazima swichi ukutani.

"Itoke nje."

"Nje? Ilale na kuku?"

"Basi verandani."

"Verandani sawa."

"Hapana, katikati ya uwanja, mbali na jiko lililoezekwa nyasi."

"Tumeshapatana, wewe!"

Maisha yangu yote nimeshusha bei. Siku hiyo nikapandisha. Sikuinyanyua kwa mikono. Nilichomoa chaja ukutani, nikausukuma ubao kwa mpini wa jembe hadi nje, dada akinifuata analalamikia mkeka wake.

Haikukaa sana. Ikapiga mluzi kama birika, moshi mweupe ukafumuka, halafu moto ukachomoka ubavuni kwa kishindo. Dada akakimbilia ndoo.

"Acha! Rudi nyuma, usivute huo moshi!"

Nikahesabu watoto, nikawahesabu tena. Wote.

Moto ulipokwisha, uwanjani palibaki doa jeusi na vyuma. Dada aliangalia doa, akaangalia nyumba, ukuta kwa ukuta, hadi bati. Kisha, machozi yakimtoka, akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote. "Imesimama! Nyumba yangu imesimama!" Waliomkuta analia walidhani msiba, wakaishia kucheza naye. Jioni tulikula sato sebuleni, milango wazi, na kipande kikubwa aliniwekea mimi bila kujadiliana.

Krismasi mkwe alileta nyingine. Dada aliipokea getini, akaipindua, akainusa, akapapasa tumbo.

"Na chaja yake mwenyewe?"

"Hii hapa, mama."

"Haya, piteni."

Sasa inachajiwa verandani juu ya sementi tupu, mchana, yeye akiwa pale anachambua dagaa. Ikijaa tu, anaichomoa mwenyewe, ndipo anawaita watoto.