Binti Aliyekataa Kuuza Dawa

Asubuhi moja kwenye duka la dawa mjini Karatu, mbele yangu alisimama mama mchuma kahawa kutoka Oldeani, mkono mmoja kwenye kaunta, mwingine tumboni.

"Mwanangu, nipe diklofenaki za maumivu ya magoti, kama kawaida. Na dawa ya kiungulia."

Binti muuzaji hakugusa kabati. Akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, choo chako kina rangi gani?"

Sisi wa nyuma tukatazama dari. Mama akanong'ona, "Cheusi tii, kama lami."

"Basi sikuuzii. Hizo dawa za magoti zimekuchubua tumbo, huenda unavuja damu ndani. Nenda hospitali sasa hivi."

Mama alikasirika, lakini alipogeuka aliyumba. Nikampeleka kwa gari langu. Alikutwa na kidonda cha tumbo, akalazwa, akapewa omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni na kukatazwa diklofenaki.

Juzi nimemkuta sokoni akila makande kwa raha zake.

"Magoti bado yananisumbua kidogo," aliniambia, "daktari kaniandikia parasetamoli. Lakini miaka yote niliyonunua diklofenaki, niliulizwa nataka vidonge vingapi tu. Tumbo, aliniuliza yule binti peke yake."

Siku hizi nami hununua kwake. Kunyimwa dawa nako ni huduma.