Nguo Zilizokwenda Ugenini

Mtaani walimwita Mama Misumari. Si kwa ukali, maana alikuwa mpole, bali kwa sababu mkobani mwake hamkukosa nyundo na misumari. Kazi yake ilikuwa kupanga maonyesho katika nyumba ya sanaa: kuchagua picha na vinyago, kuandika maelezo, kuamua kipi kikae karibu na kipi. Baba yake, fundi seremala, alikufa bila kuielewa kazi hiyo.

"Nimekusomesha miaka yote hiyo uje kutundika picha?" alikuwa akimtania. "Si ungesema mapema, nikakupa nyundo ukiwa darasa la kwanza?"

Alipenda kukutanisha vitu vya watu wasiojuana. Kinyago cha watu wa milimani angekiweka mkabala na picha ya mgeni wa ng'ambo, mpaka mtazamaji asimame katikati akigeuza shingo huku na huku. Siku za mapumziko alibeba makopo ya rangi akaenda kuchora na watu mitaani, wakubwa kwa wadogo. Hakuolewa. Akiulizwa, alijibu kuwa kuta zimeshamuoa. Watu wake wa damu walikuwa wawili: dada yake mkubwa, mshona nguo, na binti pekee wa dada huyo, aliyemwita mama mdogo.

Binti huyo alipata kazi katika kiwanda cha magodoro. Siku kiwanda kilipowaka moto, milango ilikuwa imefungwa kwa nje, eti wafanyakazi wasitoke na mali. Walionusurika walipitia madirishani. Yeye hakutoka, na hata cha kuzika hakikupatikana. Mwenye kiwanda akahama, kesi ikapigwa danadana mpaka watu wakachoka kuiulizia.

Mama Misumari hakujua la kufanya, ila lile alilolizoea. Aliomba chumba nyuma ya zahanati, akaweka meza ndefu, akawaita mama wa wote waliofia kiwandani. Kila mmoja aje na nguo ya mwanawe, ashone juu yake lolote analotaka. Mwanzoni walikaa tu, nguo mapajani. Kisha mmoja akashona mlango, mlango mtupu wenye kitasa. Mwingine akalijaza shati la kijana wake ndege mpaka mikononi.

Dada yake alikuja mwisho, na gauni la njano la bintiye. Alishona mfuko mdogo kifuani, akaufunga pande zote.

"Umetia nini, dada?"

"Nywele zilizobaki kwenye kitana chake. Sina kaburi, mdogo wangu. Kaburi ndilo hili."

Nguo zilipotundikwa, watu walijaa hadi barabarani. Habari zikavuka mipaka. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo likaomba ziende kule, zioneshwe pamoja na kazi za mama waliofiwa na wana wao machimboni. Mama Misumari aliona ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya: msiba wa huku na msiba wa kule kutazamana ukutani. Aliwashawishi mama mmoja mmoja. Dada yake ndiye aliyekuwa mgumu.

"Unampeleka mwanangu wapi?"

"Wakamwone, dada. Wajue alikuwepo."

"Na atarudi?"

"Nitamrudisha kwa mkono wangu."

"Haya. Lakini ahadi ni deni."

Mama Misumari akaenda ng'ambo kuzitundika mwenyewe. Mama wa machimboni walisimama mbele ya zile nguo wakilia, na mmoja akamkumbatia bila kujua hata neno moja la lugha yake. Alirudi nyumbani moyo umejaa, akaziacha zimalize muda wa maonyesho.

Ilipokaribia siku ya kuzifuata, simu ikaja. Nguo zilikuwa zimeshushwa na kuwekwa kwenye ghala la chini. Bomba lilipasuka wakati wa likizo, maji yakakaa mle bila mtu kujua. Nguo zimeingia kuvu, na kanuni yao ni moja: chenye kuvu huteketezwa, kisije kikaambukiza hazina nyingine.

"Ziteketezwe? Kwa moto?" aliuliza.

"Ndiyo utaratibu, mama. Tunasikitika sana."

Alipanda ndege. Aliwaeleza wakubwa wa pale hao watoto walikufa vipi. Walisikiliza kwa adabu, mmoja akafuta machozi, lakini utaratibu ukabaki pale pale. Walichomruhusu ni kuingia ghalani kuziaga.

Mtunza ghala, mtu wa makamo asiyependa maneno, alimpa glovu na kumfungulia. Harufu ya unyevu ilijaa mle. Ndege wa lile shati walikuwa wameota manyoya meusi ya kuvu. Gauni la njano lilikuwa juu, limeharibika upande mmoja tu, mfuko bado umefungwa.

"Lipi la kwenu?" mtunza ghala aliuliza taratibu.

Akalionesha.

"Liweke mkobani. Mimi nageuka upande. Moja halitajulikana. Zote siwezi."

Alilichukua. Alilikunja, akaliingiza mkobani, akafika nalo mlangoni. Hapo akawaona akilini wale mama wengine wamekaa kwenye meza ndefu, wakimwangalia akimkabidhi dada yake gauni. Yule wa mlango. Yule wa ndege. Wangesema nini? Kwamba msiba ni wa wote, ila uokoaji ni wa ndugu? Alirudi, akalitoa, akalilaza juu ya zile nyingine. Mtunza ghala akatikisa kichwa kama anayemwona mtu akizama kwa hiari yake.

Nyumbani aliwakusanya kwenye kile chumba akawaambia yote, hata lile la mkobani, maana uongo haukumpandia mdomoni. Mmoja alimtukana akatoka. Mama wa ndege alimshika mkono, akasema, "Umetenda haki." Dada yake alikusanya nyuzi zake.

"Haki umewapa wao," alisema. "Mimi umenichomea mtoto mara ya pili."

Nyumba ya sanaa ilimwondoa kwa maneno matamu. Dada akawa anaitikia salamu yake tu, basi. Miaka ikapita hivyo, hadi dada alipopigwa na kiharusi, na Mama Misumari akahamia kwake kumwogesha na kumlisha. Jioni moja, kijiko kikiwa njiani, dada akasema kwa ulimi mzito:

"Ungelificha hata kifuani."

"Na wenzako je?"

"Wangenisamehe."

"Na mimi?"

"Wewe wasingekusamehe." Dada akameza uji. "Hata hivyo, ungelileta."

"Najua, dada."

Hawakulizungumza tena. Dada alifariki kabla mwaka haujaisha. Siku ya mazishi walikuja mama wachache waliobaki, hata yule aliyetukana. Baada ya watu kutawanyika, Mama Misumari alibaki amesimama juu ya udongo mbichi, kaburi moja tu mahali palipostahili mawili, mpaka mama wa ndege akaja kumshika kiwiko na kumwambia twende.