Ubao Unaopinda Upande Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Kona, na jina hilo hakulipata bure. Madawati yake, makabati yake, milango yake, vyote vilikuwa na pembe ambazo hata ukimulika tochi huoni kasoro. Sasa fikiria fundi kama huyo anaambiwa atengeneze kitu kisicho na kona!

Aliyemwambia ni mdogo wake, mpiga muziki wa kumbini. "Dada, maboksi yako ya spika yanakoroma. Nikipandisha besi, watu wanadhani kuna mzee amelala humo ndani."

"Mzee ni wewe. Punguza besi."

"Sikiliza. Sauti ndani ya boksi inagonga ukuta huu, inarudi ukuta ule, haitulii. Wenzetu wanazipinda kuta. Jaribu. Ikishindikana, Jumamosi nanunua za plastiki dukani."

Kona alicheka, lakini hilo neno plastiki lilimchoma kama mwiba. Tangu mdogo wake aanze kazi, hakuna boksi lililopanda naye jukwaani ambalo halikutoka mikononi mwa dada yake.

Akanunua plaiwudi ya kupinda, ya kutosha jozi moja tu. Ajabu ya mbao! Ukiishika upande huu inajikunja kama mkeka. Upande wa pili, ngumu kama ubao wowote. Aliikunja, akaiachia, ikaruka ikanyooka. Akaikunja tena. Kazi imelala, fundi anacheza. Lakini kitu kilegevu namna hii kitashikaje umbo?

Akachukua vipande viwili vidogo, akavipaka gundi katikati, akavizungusha kwenye ndoo na kuvikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kesho yake alipofungua, vilikuwa vimebaki na umbo la ndoo. Akavikalia, wapi! Aliwaza sana juu ya hilo. Kumbe ukivipinda, kila kipande hutaka kuteleza juu ya mwenzake, na gundi imevikatalia. Kimoja legelege, viwili chuma.

Basi akakata ubao wote kwa furaha, mkono ukienda wenyewe, kama unavyokata milango miaka nenda rudi. Alipoweka kipande cha kwanza kwenye kalibu, lile umbo la kukunjia ubao, kikagoma. Akasukuma, kikatoa mlio mdogo ukingoni. Akaacha haraka. Alikuwa amekata kinyume! Vipande vilitakiwa kuzunguka boksi refu kama mtu anayekumbatia mwenzake. Hivi vilijua kuinama tu, kichwa kwenda miguuni. Na ubao mwingine haukuwepo.

Akakaa juu ya ile ndoo, kipande kimoja mkononi, akikiinamisha na kukiachia. Kikiinama kilifanya daraja dogo sakafuni. Akainama naye kuchungulia chini yake. Hapo ndipo alipojiuliza: nani alisema spika lazima isimame?

Jumamosi mdogo wake alikuta vitu viwili vifupi, vipana, uso kama nusu ya mwezi, ubao umepita juu kama paa.

"Dada! Spika gani hizi zimelala kama zimeshiba?"

"Wewe washa."

Kijana akaligonga boksi la kwanza kwa vidole, akaweka sikio. Akaligonga tena pengine. Akaunganisha nyaya, akapandisha besi, akapandisha zaidi, mpaka misumari ikacheza mezani.

"Yule mzee yuko wapi?" mdogo wake akauliza.

"Kahama."

Akazima, akazunguka nyuma kuchungulia sponji iliyobandikwa ndani. "Ulijuaje kuzilaza?"

"Nilikata vibaya."

Kijana akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akainama kubeba, mikono ikatafuta pa kushika, ikateleza. "Sasa hii inabebwaje? Haina kona!"

"Ikumbatie," Kona akasema, akilinyanyua boksi la pili kifuani. "Twende, ukumbi unatungoja."